Ile kadi ya safari nimeirudisha, na hesabu yake hii hapa

Miaka mitatu nimetembea na kadi ya mkopo nyeusi mfukoni, ile ambayo ukiitoa hotelini mtu wa kaunta anajiweka sawa. Ada yake dola 180 kwa mwaka. Wiki tatu kabla ya ada ya mwaka wa nne kukatwa, mke wangu akaniuliza huku anapepeta mchele: "Kwani hiyo kadi inakupa nini?" Nikaanza kumsomea karatasi ya benki: launji, yaani vyumba vya kupumzikia, za viwanja vya ndege, bima ya safari, alama za zawadi kwa kila unachotumia, simu inayopokelewa usiku na mchana. Akanikata. "Mimi sijauliza ina nini. Nimeuliza inakupa nini wewe."

Wahenga walisema mali bila daftari. Basi tukafungua daftari.

Nina duka la nguo Mchangani, hapa mjini Zanzibar. Dubai nakwenda mara tatu kwa mwaka, Guangzhou mara moja. Afisa wa benki alipoyasikia hayo aliona msafiri, na mimi nikafurahi kuonekana hivyo. Lakini mfanyabiashara wa Mchangani husafiri sana na kadi akaigusa kidogo. Deira, mtaa wa masoko wa Dubai, mzigo tunanunua kwa taslimu, na ukimtolea muuzaji kadi anakuongezea asilimia zake juu. Guangzhou watu wanalipa kwa simu. Siku hizi unaweza kuunganisha kadi ya nje na Alipay, programu yao ya kulipia kwa simu, lakini malipo yakizidi yuan 200 unakatwa asilimia 3. Kwa hiyo pamoja na dola zote ninazotoka nazo hapa, zilizopita kwenye kadi mwaka mzima ni kama 1,900 tu: hoteli, teksi, chakula. Alama zake zikanizalia vocha ya dola 20.

Launji nitaisema kwa haki, maana ndiyo iliyonitia tamaa. Mwaka jana nimeingia mara tano. Ukiwa na uanachama wa kawaida wa Priority Pass, mtandao wa launji duniani, kila kuingia unatozwa dola 35. Mara tano ni 175, karibu ada yote imerudi! Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijihesabia, na ndivyo benki inavyopenda uhesabu. Sasa jiulize: kama huna kadi, ungetoa dola 35 zako ukale mayai na kahawa ya mashine? Mimi nisingetoa. Ningenunua chai na kitafunio kwa dola 12 nikakaa kwenye kiti cha chuma na wenzangu. Basi launji kwangu ni 12 mara tano, yaani 60. Na kuna mara ya sita sikuingia. Saa kumi na moja alfajiri, nabadilisha ndege, miguu imevimba, nimefika mlangoni na kadi mkononi, dada wa pale hata hakuitazama. Alinionyesha kwa kidole kibao kidogo juu ya meza: pamejaa. Nyuma yangu foleni ya watu kama kumi, kila mmoja na kadi yake nyeusi.

Bima ndiyo iliyoniuma zaidi. Begi langu lilichelewa siku mbili, nikanunua shati, viatu na dawa ya meno, nikatunza risiti zote kama mtu mwenye akili. Nikapiga ile simu ya usiku na mchana. Swali la kwanza: "Tiketi ulilipia kwa kadi hii?" Tiketi zangu nanunua kwa wakala wangu pale mjini, taslimu, na mkono ukiwa mfupi nalipa nusu, nusu nikirudi. Basi, mazungumzo yakaishia hapo. Masharti yalikuwa yameandikwa, sikuyasoma. Wewe yasome leo, kabla ya kulipa ada: bima za kadi nyingi zinataka tiketi yenyewe iwe imelipiwa kwa kadi hiyo. Na kama una ndugu wa ughaibuni anayekuja na pasi ya kigeni, mwambie mapema kuwa bima ya kadi yake haimtoi kwenye ile ya hapa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wanatakiwa wakate bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44. Shemeji yangu wa kike alibishana kwa simu nusu saa, mwisho akalipa.

Kuna makato ambayo sikuyaona kwa miaka miwili, na nilivyoyagundua ni rahisi. Dirham ya Emirati, sarafu ya Dubai, imefungwa kwenye dola tangu 1997: dirham 3.6725 kwa dola moja. Haipandi wala haishuki, kwa hiyo benki haina pa kujificha. Hoteli ilinitoza dirham 1,100. Gawa kwa 3.6725, unapata dola 299.52. Taarifa ya kadi yangu, inayohesabiwa kwa dola, inasema 309.40. Hizo karibu dola 10 ni asilimia 3.3, na hakuna mahali zilipoandikwa peke yake. Piga kwa matumizi yangu ya 1,900, ni kama dola 63 kwa mwaka. Tena mashine ikikuuliza ulipe kwa dirham au kwa sarafu ya nyumbani, chagua dirham. Ukichagua ya nyumbani, mwenye mashine anakupangia bei yake.

Kwa hiyo: nimetoa 180 na 63, jumla 243. Nimepata 60 na 20. Mke wangu alichora mstari chini ya hesabu, akarudi kwenye mchele wake.

Lakini pesa si yote. Mwaka wa pili siku ya kulipa deni iliangukia Idi pili, mimi niko Wete, Pemba, kwa wazee, simu hata sikuishika. Nikachelewa siku nne. Riba na faini, dola 31. Si nyingi, lakini niliiona imeandikwa kwenye karatasi kwa jina lake, nikaona aibu kuikunja mfukoni. Nikamuuliza sheikh wetu. Akanieleza kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikaa Riyadh mwaka 2000 likasema kadi ya mkopo isiyo na fedha zako nyuma yake, ikiwa mkataba una sharti la riba, haifai, hata kwa aliyekusudia kulipa ndani ya muda. Na mimi ndicho nilichokuwa nikijipoza nacho: "Nalipa kabla ya siku." Sikutolei fatwa, muulize wa kwako.

Shemeji yangu mwingine anayo kadi kama ile na simwambii aiache. Yeye yuko angani kila mwezi, tiketi zote anazilipia kwa kadi, launji anaoga na kufanya kazi humo. Kwake hesabu inatoka.

Mimi nilipopiga simu kufunga, walinipunguzia ada nusu papo hapo. Kwa hiyo hata kama unabaki, piga kabla ada haijakatwa. Nusu kwangu bado ni hasara, nikakataa, nikadai barua ya kuthibitisha kadi imefungwa na deni ni sifuri. Sasa natumia kadi ya kawaida ya akaunti yangu ya dola. Ubaya wake ni hotelini: dhamana wanayoizuia ni pesa yako mwenyewe, na mara nyingine inachukua wiki nzima kurudi. Nabeba taslimu zaidi kidogo.

Alama zinakufa kadi ikifungwa, kwa hiyo ile vocha ya dola 20 niliitumia kwanza. Tumenunua birika la umeme.