Jibu: mpango wa usalama kwa mtaro wa Raskazone

Kaka, umeuliza kama mpango wa usalama ulionakiliwa kutoka kazi ya Dodoma unatosha kwa mtaro wako wa bomba wenye kina cha mita 2 hapo Raskazone, Tanga. Hautoshi. Sajili eneo la kazi OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi) kwanza. Halafu andika hatari za hapo hapo: mchanga wa pwani ukikauka haushikamani, na maji ya chini yakipanda kingo zinabomoka bila dalili. Mita 1 ya ujazo ya mchanga ina uzito wa tani 1.5 hivi, ikimwangukia fundi aliyeinama kulaza bomba hatoki. Weka mbao na vizuizi vya kushikilia kingo kabla hajashuka, udongo uliochimbwa ukae mita 1 kutoka ukingoni, ngazi iwe karibu naye. Taja kwa jina anayekagua kila asubuhi, na tena baada ya mvua.