Timu Inapohama Ligi, Watani wa Jadi Hubaki Wapi?

*Maswali ya wasomaji kuhusu michezo*

Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zinahusu jambo moja katika besiboli ya Marekani, nalo ni timu kuhamishwa kutoka ligi moja kwenda nyingine. Tumezijibu kwa kufuatana kwa sababu kila barua inaifungulia mlango inayofuata.

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipofika Houston mwaka 2004 majirani walinifundisha kuishangilia Astros na kutoivumilia St. Louis Cardinals. Mwanangu aliyezaliwa hapa hana habari na Cardinals. Kwake mtani ni Texas Rangers, na wiki ya mechi hiyo nyumbani hakukaliki. Nimeambiwa kwamba sababu ni timu yetu kuhama ligi. Iliwezekanaje, na je, utani wa jadi unaweza kuhamishwa kwa kikao cha matajiri? *Msomaji, Houston, Texas*

JIBU: Ndugu msomaji, wewe na mwanao mnaishangilia timu moja, lakini kila mmoja aliipokea ikiwa katika ligi nyingine. Besiboli ya kulipwa ya Marekani ina ligi kuu mbili, Ligi ya Taifa na Ligi ya Amerika, na kila moja imegawanywa katika kanda tatu za Mashariki, Kati na Magharibi. Mabingwa wa ligi hizo mbili hukutana mwisho wa mwaka katika fainali iitwayo World Series, na hadi kufikia mwaka 1997 timu za ligi moja hazikuwahi kucheza na za ligi ya pili katika msimu wa kawaida. Timu ya Houston ilianza mwaka 1962 kwa jina la Colt .45s, ikaitwa Astros kuanzia 1965, na kwa misimu 51 ilikuwa ya Ligi ya Taifa. Msimu wa 2013 ndio uliokuwa wake wa kwanza katika Ligi ya Amerika.

Chanzo cha uhamisho huo kilikuwa hesabu. Tangu 1998 Ligi ya Taifa ilikuwa na timu 16 na Ligi ya Amerika timu 14, kwa hiyo Kanda ya Kati ya Ligi ya Taifa, mlimokuwa Astros, ilibanwa na timu sita zinazogombea ubingwa mmoja, ilhali Kanda ya Magharibi ya Ligi ya Amerika ilikuwa na timu nne tu. Wakuu wa mchezo walitaka kila ligi iwe na timu 15 na kila kanda tano. Mwishoni mwa 2011 Astros ilikuwa inauzwa kwa Jim Crane, na idhini ya mauzo ikafungamanishwa na sharti kwamba mnunuzi akubali kuhama. Ili kulainisha sharti hilo, bei ilipunguzwa kwa dola milioni 70. Mashabiki hawakuulizwa. Nasema wazi kwamba hapo palikuwa na dhuluma, kwa sababu kilichopunguziwa bei kilikuwa mali ya watu ambao hawakuwamo katika mauzo hayo: kumbukumbu zao za nusu karne.

Na kumbukumbu hizo hazikuwa ndogo. Mwaka 2004, uleule uliofika Houston, Astros na Cardinals walikutana katika fainali ya Ligi ya Taifa na Cardinals wakashinda katika mchezo wa saba. Mwaka 2005 walirudiana. Katika mchezo wa tano Houston ilikuwa mbele 4 kwa 2 ndani ya uwanja wake, na ilibakiza kumtoa mchezaji mmoja tu ili ifike World Series kwa mara ya kwanza katika historia yake, ndipo Albert Pujols wa Cardinals alipoupiga mpira wa Brad Lidge, mrushaji wa Astros (mrushaji ndiye amrushiaye mpigaji mpira), ukaenda mbali juu ya viti vya watazamaji, na uwanja mzima ukanyamaza kama nyumba yenye msiba. Siku mbili baadaye Astros walishinda St. Louis na kuvuka. Aliyeyashuhudia hayo mawili katika juma moja hahitaji kufundishwa nani mtani wake, na naamini majirani zako walikuwa wangali na jambo hilo moyoni walipokuwa wakikufunda.

Sasa tazama upande wa Rangers. Arlington, yalipo maskani yao, ni mwendo wa takribani kilomita 400 kutoka Houston, na timu zote mbili ni za jimbo moja. Kwa mantiki ya ramani, hao ndio waliopaswa kuwa watani tangu mwanzo, lakini hawakuwa, kwa kuwa walikuwa katika ligi mbili tofauti. Mwaka 2001 zilipoanza mechi za msimu wa kawaida kati yao, waliwekewa zawadi ya Kiatu cha Fedha kwa atakayemshinda mwenzake katika michezo ya mwaka, lakini michezo hiyo ilikuwa michache na haikuamua bingwa wa kanda yoyote. Aliyeiunganisha Texas kwa dhati alikuwa mtu mmoja, mrushaji Nolan Ryan, mzaliwa wa jimbo hilohilo, aliyeichezea Astros kuanzia 1980 hadi 1988 na Rangers kuanzia 1989 hadi 1993, na ambaye pande zote mbili zilimheshimu.

Mwaka 2013 mambo yaligeuka, kwa kuwa kuwamo katika kanda moja kulimaanisha kukutana mara 19 kwa msimu. Mchezo wa kwanza kabisa wa Astros katika ligi mpya ulichezwa Houston tarehe 31 Machi dhidi ya Rangers hao hao, na Astros wakashinda 8 kwa 2. Siku mbili baadaye Yu Darvish, mrushaji wa Rangers, aliwazuia wapigaji 26 mfululizo wa Astros wasifike hata kituo cha kwanza, na ni yule wa 27, Marwin Gonzalez, ambaye angekuwa wa mwisho kutolewa ili mchezo uishe, aliyemharibia. Mwaka huo Astros walipoteza michezo 111, na kati ya ile 19 ya kanda dhidi ya Rangers walishinda miwili tu. Utani haukuwa umezaliwa bado, kwa kuwa watu hawamtanii anayewafunga kila siku, humwepuka.

Ulizaliwa pale timu zote mbili zilipokuwa na kitu cha kupoteza. Mwaka 2015 Astros waliongoza kanda kwa muda mrefu, kisha Rangers wakawapita na kutwaa ubingwa. Mwaka 2023 zilimaliza zikiwa na ushindi 90 kila moja, na Astros wakapewa ubingwa wa kanda kwa sababu katika mikutano yao ya mwaka huo walikuwa wameshinda tisa kati ya 13. Halafu zikakutana tena katika fainali ya Ligi ya Amerika, michezo saba, na katika yote saba aliyeshinda alikuwa mgeni. Katika mchezo wa tano kule Arlington, Adolis García wa Rangers alipigwa na mpira wa Bryan Abreu wa Astros, wachezaji wakamiminika uwanjani wakisukumana, na katika raundi ya mwisho José Altuve wa Astros akaugeuza mchezo kwa mpigo mmoja. Rangers walikwenda Houston wakashinda miwili iliyobaki, kisha wakatwaa World Series yao ya kwanza. Mwanao ana haki ya kutokalika nyumbani.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba kikao hakiwezi kuuhamisha utani, ila kinaweza kuukatia maji utani wa zamani na kuandaa shamba kwa mwingine. Cardinals na Astros hawakugombana wakaachana. Waliacha tu kukutana. Kuna hasara nyingine ambayo wewe kama mzazi utakuwa umeiona: wapinzani wengi wa kanda mpya wako pwani ya Pasifiki, hivi kwamba mchezo unaoanza saa moja usiku kule Seattle huanza saa tatu usiku kwenu, na mtoto wa shule hulala kabla haujafika nusu.

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi tuliozoea soka tunajua timu huhama ligi kwa kupanda au kushuka daraja. Je, timu hizi za besiboli zinazohama zimeadhibiwa? *Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Hapana. Ligi hizo mbili ziko sawa kwa hadhi, na hakuna daraja la kushukia; timu iliyopoteza michezo 111 huendelea kuwa katika ligi kuu mwaka unaofuata. Wanaoamua ni wamiliki wa timu pamoja na ofisi ya kamishna, msimamizi mkuu wa mchezo. Tofauti kubwa ya uchezaji ilikuwa kwamba tangu 1973 Ligi ya Amerika ilimruhusu mpigaji maalumu kushika gongo kwa niaba ya mrushaji, ilhali Ligi ya Taifa iliendelea kumtaka mrushaji apige mwenyewe, na wakongwe wa Houston waliipenda sana kanuni hiyo ya kale. Tangu 2022 ligi zote mbili hutumia mpigaji maalumu.

SWALI: Ndugu Mhariri, naishi Chicago na nafuata Cubs. Kila tunapokwenda Milwaukee tunakuta chuki ya ajabu. Wenyeji huniambia kwamba zamani mtani wao alikuwa timu ya pili ya mji wetu, White Sox. Nini kilitokea? Na je, ni kweli timu zitapangwa upya kwa kufuata ujirani? *Msomaji, Chicago, Illinois*

JIBU: Wamekuambia kweli. Milwaukee ni mji uliojeruhiwa kwanza na Ligi ya Taifa yenyewe. Ulikuwa na Braves kuanzia 1953, ukashinda World Series ya 1957, kisha timu hiyo ikaondoka kwenda Atlanta baada ya msimu wa 1965. Bud Selig, mfanyabiashara wa mji huo, alihangaika miaka kadhaa kutafuta timu nyingine, na mwaka 1970 akaipata Pilots ya Seattle iliyokuwa imefilisika, akaiita Brewers. Kwa kuwa Pilots ilikuwa ya Ligi ya Amerika, Brewers nayo ikawa ya ligi hiyo kwa misimu 28, na majirani zake wa kukutana nao walikuwa White Sox wa kusini ya mji wako na Twins wa Minnesota. Cubs, walio kilomita zisizozidi 150 kutoka hapo, walikuwa kama jirani wa ukuta wa pili ambaye humsikii ila kwa redio.

Mwaka 1998 ziliongezwa timu mbili mpya, moja Arizona na moja Tampa Bay. Kila ligi ikipata moja, kila ligi ingekuwa na timu 15, na kila siku timu moja ingekosa wa kucheza naye isipokuwa kwa kuvuka ligi, jambo ambalo wakati huo halikukubalika kufanywa kila siku. Ikabidi mmoja ahame. Kansas City Royals waliulizwa kwanza wakakataa, Brewers wakakubali. Selig, aliyekuwa akiusimamia mchezo wote wakati familia yake ikimiliki timu hiyo, alionekana na wengi kama mwamuzi na mhusika kwa pamoja. Lakini tofauti na Houston, Milwaukee ilikuwa inarudi katika ligi ya utoto wake, na hilo lilipunguza uchungu.

Kilichofuata unakijua kwa macho yako. Mashabiki wa Cubs walianza kuujaza uwanja wa Milwaukee hadi uongozi wa Brewers ukawahi kuwauzia wakazi wa Wisconsin, jimbo la Milwaukee, tiketi za mechi hizo kabla ya watu wengine. Tarehe 1 Oktoba 2018, baada ya kumaliza msimu sare, timu hizo zilicheza mchezo mmoja wa ziada Wrigley Field, uwanja wa Cubs, na Brewers wakatwaa kanda kwa 3 kwa 1. Novemba 2023 kocha wa Brewers, Craig Counsell, aliyekulia kitongojini mwa Milwaukee na ambaye baba yake aliwahi kufanya kazi Brewers, alihamia Cubs, na aliporudi kama mgeni alizomewa. Chuki uliyoikuta ina jina na sura. Oktoba 2025 walikutana kwa mara ya kwanza katika hatua ya mtoano, na Brewers wakashinda mitatu kwa miwili.

Kuhusu kupanga upya, kamishna Rob Manfred alisema mwaka 2025 kwamba timu zikiongezwa kutoka 30 hadi 32, itakuwa fursa ya kuzipanga kwa kuangalia jiografia. Maoni yangu ni kwamba ramani peke yake ni mwongozo dhaifu. Mwaka 1958 Dodgers na Giants waliondoka New York pamoja wakaenda California, Los Angeles na San Francisco, na utani wao haukufa, kwa sababu walibaki katika ligi moja na waliendelea kuzuiana ubingwa. Kinyume chake, Cubs na White Sox wameishi mji mmoja kwa zaidi ya miaka mia moja katika ligi mbili, na mara pekee walipogombea kitu kikubwa ilikuwa World Series ya 1906. Hata hivyo mgawanyo huo una thamani yake: ndio uliowezesha Yankees na Mets, timu mbili za New York, kukutana katika World Series ya 2000, jambo lisilowezekana kama wangekuwa ligi moja.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi limekwisha kufanyika bila kelele. Tangu 2023 kila timu hucheza na nyingine zote 29, na ili nafasi ipatikane, michezo dhidi ya mpinzani mmoja wa kanda imepunguzwa kutoka 19 hadi 13. Kuanzia 2025 majirani wa ligi tofauti, kama Brewers na Twins au Cubs na White Sox wako, wamepewa michezo sita kwa mwaka, na hiyo ni heri kwa walioachanishwa mwaka 1998. Lakini ile sita waliyonyang'anywa Cubs na Brewers, Astros na Rangers, ilikuwa ndiyo michezo ya Agosti na Septemba ambamo mtu hujifunza jina la mrushaji wa upande wa pili na sababu ya kutomsamehe.