Wadogo zangu wa staji (mafunzo kwa vitendo hospitalini), funueni blanketi kwanza

Alhamisi iliyopita asubuhi, kabla daktari hajapita, nilichukua fishi, karatasi ya kumbukumbu za mgonjwa, ya kitanda cha 6. Kijana wa ajali ya pikipiki, muundi umevunjika, mguu umefungwa tangu jana yake. Mwanafunzi wa staji alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri kabisa: «Mapigo ya mguu: sawa». Nikamwambia nionyeshe. Akafunua blanketi, akabandika kidole gumba kwenye mgongo wa unyayo, akahangaika, akahamia nyuma ya kifundo, akarudi juu. Mwishowe akasema, «Yaya», yaani mkubwa wangu, «yalikuwa hapa».

Hayakuwa hapo. Na kidole gumba kina mapigo yake chenyewe, kwa hiyo hata angeyasikia asingejua ni ya nani. Tumieni vidole viwili, cha shahada na cha kati.

Kila mwaka mnatushukia hapa Bukavu na makoti meupe yaliyopigwa pasi vizuri, na kila mwaka naona makosa yaleyale. Nawapenda, ndiyo maana nashindwa kunyamaza.

1. Mfupa una damu ndani yake.

Mmeisoma mifupa kwenye mchoro wa ukutani na kwenye ile skeleti ya plastiki ya chumba cha mazoezi. Mnaitaja yote 206 bila kumeza mate, ila mnaitaja kama mtu anayehesabu kuni. Nendeni soko la Kadutu asubuhi, mwombeni muuza nyama awapasulie kwa msumeno mfupa wa paja la ng'ombe, muutazame kabla haujaingia sufuriani. Ganda la nje lina vitundu ambamo mishipa inapenya. Kule kwenye ncha utaona kitu kama sponji, na mkipata mfupa wa ndama mtakuta sponji hiyo ni nyekundu. Katikati kuna uboho wa manjano, mafuta matupu, ule mnaoufyonza kwenye supu.

Kwa mtu mzima uboho mwekundu umebaki kwenye nyonga, kidari, mbavu, pingili za mgongo, fuvu, na ncha za juu za mfupa wa paja na wa mkono. Mtoto mchanga anao karibu katika mifupa yake yote. Huko ndiko chembe nyekundu zinakozaliwa, kama milioni 2 kila sekunde, na kila moja inaishi siku 120 hivi. Basi mfupa wa namna hiyo ukivunjika, unatoka damu. Paja lililovunjika linaweza kuficha lita moja na zaidi ndani ya nyama, bila tone kudondoka sakafuni, na mtu mzima ana lita 5 hivi tu. Mgonjwa wa paja akianza kutokwa jasho baridi, msiseme anaogopa sindano. Pimeni presha.

2. Rangi nyekundu na buluu za kwenye silabasi, yaani vitini vyenu, ziliwekwa na mchoraji. Ateri inatoka moyoni, vena inarudi moyoni. Ateri ya mapafu inabeba damu yenye oksijeni kidogo na bado ni ateri. Kwenye mkunjo wa kiwiko, papaseni kabla ya kuchoma: kinachodunda kiacheni. Kinenani, kutoka nje kwenda ndani: neva, ateri, vena. Mgonjwa wa kipindupindu aliyekauka maji, tafuteni vena iliyo mbele kidogo ya kifundo cha ndani cha mguu, haihami. Mtoto akikosa vena kabisa, waiteni wakubwa mapema, kwa sababu kuna sindano ya kuingia kwenye uboho wa muundi, upande wa ndani ulio bapa, chini ya goti. Mishipa ya humo haisinyai, imeshikiliwa na mfupa.

3. Hili la tatu ni langu mwenyewe.

Nilikuwa kwenye staji, zamu ya usiku. Mtoto wa miaka 7 alianguka kutoka kwenye mti wa avoka, akajikinga kwa mkono wa kuume, mfupa ukavunjika juu kidogo ya kiwiko. Daktari akaurudisha, ukafungwa plasta ya kuzunguka, kiwiko kimekunjwa. Tukaambiwa tuangalie vidole kila saa.

Saa nne usiku mtoto akaanza kulia. Nilimshika vidole, vilikuwa na joto, nikampa parasetamoli. Saa sita mama yake akanifuata hadi mezani: «Muganga, mutoto anasema mukono inamuunguza ndani». Nikarudi, nikabonyeza kucha, rangi ikarudi. Nikaandika: «Vidole vina joto, mapigo yapo». Kweli yalikuwepo, niliyapapasa kwenye kifundo, pale plasta ilipoishia. Saa nane akaja tena. Nilikuwa nimechoka, kulikuwa na akina mama wawili wengine wananingoja, na yule mama nilimjibu kwamba mtoto anadeka. Neno hilo lilitoka kinywani mwangu. Akaniangalia, akarudi kitandani, akakaa na mwanawe mapajani hadi alfajiri. Hakuja tena.

Saa kumi na mbili aliingia muuguzi mkubwa wa servisi. Hakugusa kucha. Alishika ncha ya kidole cha kati na kukinyoosha, kidogo tu, na mtoto akapiga yowe ambalo nalisikia hadi leo. Hapo hapo akaagiza plasta ipasuliwe kutoka juu hadi chini, na pamba yote ya ndani, mpaka ngozi ionekane. Mtoto akapelekwa kwenye upasuaji, wakafungua utando wa misuli ya kigasha. Sehemu ya misuli ilikuwa imeshakufa.

Sikieni kilichotokea, maana ni anatomia tupu. Misuli ya kigasha imefungwa ndani ya utando mgumu, kama nguo kwenye sanduku. Ikivimba, na plasta ikabana kwa nje, shinikizo linapanda. Ateri ya mkono inasukuma damu kwa nguvu, shinikizo la milimita 120 hivi za zebaki kila pigo, kwa hiyo inapita na mapigo unayapata. Lakini damu ikifika kwenye kapilari, vile vimishipa vidogo kabisa, shinikizo lake ni 30 au pungufu. Hizo ndizo zinazobanwa kwanza. Nilikuwa nashika mto mkubwa na kusema maji yapo, huku shamba linakauka. Misuli haistahimili hali hiyo zaidi ya saa 6 hivi, nami nilikuwa nimeshakula nane. Vidole vikaja kujikunja kama makucha. Daktari wa Ujerumani, Volkmann, aliueleza mkunjo huo mwaka 1881. Nilikuwa nimeusoma, na mtihani wake nilipata.

Mama yake alinisalimia kila alipomleta kubadilisha bandeji. Nilimwomba msamaha ukumbini, nimesimama, akasema, «Nilikuambia, mwanangu». Mtoto akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.

Kwa hiyo maumivu yanayozidi baada ya kufunga, yasiyosikia dawa, ni dalili. Nyoosheni vidole. Mzazi akija mara ya pili, piteni kwa mkubwa, hata kama amelala.

4. Mtoto wa SS, yaani mwenye selimundu, akilia mifupa usiku wa mvua na baridi, mwaminini. Chembe zake zilizopinda zinaziba vimishipa ndani ya mfupa, na mfupa unakosa hewa. Kwa kitoto cha miezi sita au zaidi, viganja na nyayo zikivimba, mara nyingi hiyo ndiyo dalili ya kwanza, kwa hiyo msikimbilie kumhoji mama kuhusu kuanguka. Mpeni joto, maji na dawa ya maumivu ya kutosha, na mtafute homa.

5. Najua mnaiimba ile mifupa 8 ya kifundo cha mkono. Hiyo skafoidi mnayoanza nayo inapata damu yake nyingi kutoka upande wa vidole, hivyo ikivunjika katikati kile kipande cha nyuma kinaweza kufa njaa. Aliyeangukia kiganja, mbonyezeni kwenye kishimo chini ya kidole gumba. Akiruka, afungwe na arudi, hata kama picha ya kwanza haionyeshi kitu.

Yule kijana wa «mapigo sawa» nilimshika vidole viwili nikaviweka kwenye mgongo wa unyayo wa mgonjwa, kando ya ile kano ngumu ya kidole gumba cha mguu. Tukasubiri. Dakika nzima. Kisha uso wake ukabadilika. Nikampa kalamu, akachora alama ya X pale pale kwenye ngozi, akaandika saa pembeni. Ijumaa nilikuta X tatu nyingine servisini, kwenye vitanda ambavyo sikumtuma.