Maswali ya Wasomaji: Opali, Maji na Mzani

Kamwene wahariri. Mwezi wa sita nilinunua vipande vinne vya opali ya Ethiopia kupitia muuzaji wa Dar es Salaam, gramu 20 kwa jumla. Vilifika ndani ya kichupa chenye maji, vinawaka rangi zote. Nikavitoa nikavianika dirishani. Kesho yake vilikuwa vimefifia na kuwa vyeupe, kimoja kina nyufa nyembamba, na mzani unasoma pungufu. Je, nimetapeliwa? Nivirudishe majini au nivipake mafuta ya nazi? – Msomaji, Mafinga

Mafuta hapana, ndugu yetu, hata tone moja. Opali ni silika, ile inayounda mchanga mweupe na kioo, iliyofungamana na maji, mara nyingi asilimia 6 hadi 10 ya uzito wake. Nyingi za Wollo, zilizogunduliwa mwaka 2008 huko kaskazini mwa Ethiopia, zina vitundu vidogo mno vinavyofyonza kila kimiminika kinachozigusa. Maji yakiingia yatatoka. Mafuta hayatoki, na baadaye hugeuka manjano humo humo ndani.

Weupe na nyufa ni mambo mawili tofauti, usiyachanganye. Jiwe likikauka nusu, vitundu vingine vina maji na vingine vina hewa. Mwanga unatawanyika na jiwe linafifia. Hiyo ni hatua ya kupita. Watu wengi huogopa hapo hapo, wakalirudisha majini, na kazi ikaanza upya. Liache liendelee kukauka. Rangi hurudi baada ya siku chache, na kipande kinene huchukua wiki kadhaa. Vipo vinavyobaki vyeupe hata vikikauka kabisa, na hivyo ndivyo muuzaji anapenda kuviuza vikiwa majini.

Nyufa, kwa bahati mbaya, hazina dawa. Kiangazi cha Mafinga kina jua kali mchana, hewa kavu na baridi kali usiku. Ngozi ya jiwe ilikauka na kusinyaa wakati kiini bado kimeshiba maji, ikapasuka. Kuna wanaojaza nyufa kwa gundi ya plastiki, lakini kwa mkusanyaji jiwe la namna hiyo limepoteza thamani, na likiuzwa mnunuzi lazima aambiwe.

Vitatu vilivyobaki vifanyie hivi. Vifunge kila kimoja kwenye karatasi laini ya chooni, viweke ndani ya mfuko wa plastiki uliotobolewa matundu mawili matatu kwa sindano, kisha viweke kabatini mbali na jiko, dirisha na balbu. Pima kila kimoja mara moja kwa wiki na uandike. Uzito usipobadilika kwa wiki mbili mfululizo, jiwe limetulia. Baada ya hapo usililoweke bila sababu, na ukinawa kwa sabuni au ukijipaka manukato, usilishike.

Kuhusu uzito: opali ya aina hii iliyoshiba inaweza kuzidi uzito wake mkavu kwa karibu asilimia 10. Kifurushi chako cha gramu 20 kinaweza kukauka kikawa gramu 18 na ushee bila mtu kuiba chembe. Muuzaji anaijua hesabu hiyo vizuri kuliko wewe. Bei ipatane kwa uzito mkavu, basi. Akikataa kulitoa jiwe majini wiki mbili kabla ya malipo, liache. Opali ngumu za Coober Pedy na Lightning Ridge huko Australia kwa kawaida hazifyonzi hivi, kwa hiyo kichupa cha maji hakizisaidii chochote.

Nimeuziwa jiwe la kijani bila rangi za kuchezacheza, naambiwa ni opali ya Haneti. Mwingine anasema ni krisopresi, kito kingine cha kijani. Nitajuaje bila maabara? – Msomaji, Mbeya mjini

Wote wawili wana sababu ya kusema hivyo. Kilima cha Haneti, mkoani Dodoma, kinatoa vyote viwili, na kijani cha vyote viwili kinatokana na nikeli. Kukosa rangi za kuchezacheza hakuliondoi jiwe kwenye opali. Rangi hizo huonekana pale tu punje za silika, zenye upana wa sehemu 150 hadi 300 za milioni moja za milimita, zinapokuwa sawa na kujipanga safu kwa safu. Zikiwa shaghalabaghala, jiwe ni opali ya kawaida.

Jibu liko kwenye mzani wa kidijitali unaosoma 0.01 ya gramu, ule wa wanunuzi wa dhahabu, Chunya hawakosi. Pima jiwe likiwa kavu. Kisha weka glasi ya plastiki yenye maji juu ya mzani na urudishe usomaji kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba, litumbukize lizame lote bila kugusa chini wala ukingo, usome tena. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili, upate jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji ya ujazo ule ule. Jiwe la gramu 12.60 likisoma 6.00 majini linatoa 2.10, na hiyo ni opali. Likisoma 4.80 linatoa 2.63, na hiyo ni krisopresi. Kioo cha kawaida huangukia kwenye 2.5 hivi, plastiki karibu na 1.2.

Kosa linalojirudia ni mapovu yaliyong'ang'ania jiwe. Yanaongeza usomaji wa majini na krisopresi inasogea kuelekea opali. Yafute kwa brashi ndogo. Jiwe chini ya gramu 2 halitoi jibu la kuaminika kwa mzani huu. Na likitoa mlolongo wa vipovu vidogo lenyewe, linafyonza maji, kwa hiyo kipimo hiki hakilifai.

Msumari wa chuma usiutumie. Utaharibu uso wa kielelezo, na ugumu wa opali, 5.5 hadi 6.5, unakaribiana mno na wa chuma.

Mwaghonile. Huku kwetu ni volkano tupu, Rungwe na Kyejo. Nimeokota jiwe jeupe lenye matabaka karibu na chemchemi za moto za Songwe. Ni opali? – Msomaji, Tukuyu

Karibu hakika ni jiwe la chokaa. Maji ya chemchemi za Songwe huacha chokaa yanapofika juu na kupoteza hewa ukaa, tena kwa matabaka hayo hayo uliyoyaona. Kwangua unga kidogo kwenye sahani, dondoshea siki au maji ya ndimu. Ukichemka vipovu, ni chokaa, silika haichemki. Siki iguse unga tu, jiwe lenyewe liache. Volkano peke yake haileti opali: yanahitajika majivu au mwamba uliooza, maji yenye silika, na mianya ya kuyatuliza maji hayo kwa muda mrefu.

Nahitaji leseni kuweka mawe nyumbani? Na lebo iandikweje? – Msomaji, Njombe

Kuchimba na kufanya biashara ya madini kunahitaji leseni. Nunua kwa mwenye leseni, ikiwezekana kwenye soko la madini, na utunze risiti pamoja na jiwe. Kulipeleka nje ya nchi kunahitaji kibali. Anza kwa Afisa Madini Mkazi wa mkoa wako.

Lebo iandike mahali lilipotoka kwa usahihi uwezao, tarehe, uzito mkavu, na kama limetiwa moshi, rangi au gundi. Opali nyeusi za Ethiopia zinazouzwa bei poa mara nyingi zimetiwa moshi, kwa hiyo uliza na uandike jibu. "Tanzania" peke yake haitoshi. "Haneti, Dodoma" inaongeza thamani. Tumia penseli, maana wino huchujuka karatasi ikipata unyevu, na Njombe unyevu mnaujua.