Kabla Hujasimama Dirishani Kutazama Mvua

Juzi msomaji mmoja ameniandikia. Amehamia ghorofa ya nne huko Kinondoni, na amezoea kuisikia mvua juu ya bati, si kuiona ikija. "Dada, naogopa, lakini dirishani sitoki." Mdogo wangu, nakuelewa kabisa.

Mimi nakaa Upanga, ghorofa ya tano. Dirisha la sebuleni linatazama bonde la Jangwani, la chumbani linatazama upande wa Kigamboni. Jumamosi ile ya tarehe 4 Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatuonya mapema na boti za Zanzibar zimesimamishwa. Mimi niko sebuleni na simu, narekodi. Minazi imelala upande mmoja, Magomeni yote imemezwa na mvua. Nilirekodi dakika kumi na moja na nilifurahi, sitaki kudanganya.

Chumbani nilikuwa nimetundika gauni la bibi harusi, satini nyeupe, limebakiza vifungo tu. Dirisha nililiacha wazi kiasi cha vidole viwili, hewa ipite. Kumbe upepo unaingilia huko huko. Naingia, nakuta maji yanateremka kwenye grili, yanabeba kutu, yanadondokea begani mwa gauni. Tone moja moja, rangi ya chai ya rangi. Nilitia ndimu na chumvi, nikakesha nalo. Kutu haikutoka.

Mteja nilimrudishia fedha yake yote, hata ya kitambaa. Bado aliandika kwenye grupu la kamati ya harusi kwamba mimi ni fundi mzembe. Neno hilo linaniuma mpaka leo. Gauni lile nililifanyia kazi usiku tisa.

Kwa hiyo nisikilize: funga kwanza, tazama baadaye. Anza na dirisha la upande upepo unakotoka. Masika yakikolea kusi hushika, na madirisha ya kusini ndiyo hupigwa. Zibua vile vitobo vya chini ya fremu ya aluminiamu, maana vumbi likiviziba maji hujaa kwenye reli na kumwagikia ndani. Chomoa cherehani, pasi na televisheni. Radi ikimulika, hesabu mpaka usikie ngurumo: kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zisipofika thelathini, rudi nyuma, na grili usiishike, ni chuma. Narudia, funga kwanza.

Wiki iliyopita mvua ilikuja saa kumi jioni, na nyumba nzima niliifunga kabla tone la kwanza halijagonga kioo. Shela mbili za wateja zilikuwa chumbani, hazikupata hata unyevu. Nilijivunia, na nina haki.

Jambo jingine, tunaokaa juu tunalisahau. Kinachotupendeza sisi kinaingia kwenye nyumba za watu kule bondeni. Acheni kurusha mitandaoni video za makochi ya watu yakielea. Una namba ya mtu anayekaa chini, mpigie. Binti anayenisaidia kushona anakaa Kigogo, karibu na Mto Msimbazi. Siku hizi wingu likitanda nafunga chumbani, nachomoa cherehani, nampigia yeye na kumwambia apandishe godoro na aje kwangu na mtoto. Akishajibu ndipo nafungua pazia la sebuleni.