Wijeti zenye uwazi kwenye kompyuta: anza na kibao cha nyuma

Watu wengi wanaoniletea kompyuta zao hapa Mjini, wakitaka wijeti, yaani visanduku vidogo vya kuonyesha saa au taarifa nyingine, zionekane zimeelea juu ya picha ya skrini (ile ya mandhari ya kompyuta), huwa wamekwishajaribu jambo moja tu. Wamebofya kitufe cha kulia cha mausi, wakaingia kwenye mipangilio ya Rainmeter, programu ya Windows ya kuweka wijeti, wakachagua uwazi wa asilimia 50 au 70, kisha wakashangaa kuona maandishi nayo yamefifia. Mpangilio huo haukukosea, kwani kazi yake ni kufifisha wijeti nzima, yaani maandishi, picha na mistari kwa pamoja. Anayetaka nyuma pawe wazi na herufi zibaki imara auache kwenye asilimia 0, kisha afungue faili la wijeti yenyewe.

Ndani ya faili hilo rangi huandikwa kwa namba zinazotenganishwa kwa mkato: nyekundu, kijani, buluu, na ya nne ndiyo ya uwazi. Kila moja huanzia 0 hadi 255, na katika ile ya nne 0 maana yake ni kutoonekana kabisa, ilhali 255 ni kuziba kabisa. Ukiandika namba tatu tu, programu huichukulia ya nne kuwa ni 255, na hapo ndipo linapotokea lile boksi jeusi ambalo watu hulilalamikia.

Ami yangu ana ofisi ya kupeleka wageni baharini kule Nungwi, na kompyuta yake ya mapokezi huonyesha vipindi vya sala pamoja na saa za maji kujaa na kupwa. Picha ya skrini ni fungu la mchanga mweupe lililopigwa jua la adhuhuri. Wijeti aliyowekewa ilikuwa na herufi nyeupe zisizo na kitu chochote nyuma yake. Ami aliinama mpaka karibu na skrini, akaniuliza: "Mwanangu, saa ya maji kujaa ipo wapi? Mimi naona mchanga tu." Uwazi ulikuwa umekamilika, lakini wijeti haikuwa na faida kwa mwenyewe.

Kilichohitajika pale ni kibao cheusi chenye uwazi wa kiasi nyuma ya maandishi. Katika sehemu ya juu ya faili, yenye kichwa [Rainmeter], niliandika BackgroundMode=2, na chini yake SolidColor=0,0,0,120. Mstari wa kwanza usiachwe, kwa sababu thamani ya kawaida ya BackgroundMode ni 1, ambayo huacha nyuma wazi kabisa, na rangi uliyoiandika hapo haitumiki. Maandishi niliyaongezea StringEffect=Shadow na FontEffectColor=0,0,0,200, ili kila herufi iwe na kivuli chake. Nikahifadhi faili, nikaionyesha upya wijeti kwa amri ya Refresh, na mchanga ukaendelea kuonekana nyuma ya kibao huku saa zikisomeka hata kwa mgeni aliyesimama upande wa pili wa meza. Kwa picha yenye giza ningeshusha ile 120 hadi 60 hivi.

Wapo wanaopenda kukitengeneza kibao kama kipande kimojawapo ndani ya wijeti, hasa wakitaka kona za mviringo. Njia hiyo ni nzuri, ila Rainmeter huchora vipande kwa kufuata mpangilio wa faili kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo kibao kikiandikwa mwisho hufunika maandishi. Ukitumia picha au nembo, iwe PNG. JPEG haihifadhi uwazi, na weupe wa pembeni hautaondoka hata uibadilishe namba ya nne mara ngapi. Aidha, sehemu isiyoonekana kabisa haipokei mbofyo wa mausi. Kitufe chako kikionekana kimekufa, kipe SolidColor=0,0,0,1, ambayo jicho haliioni lakini mausi huigusa.

Kwenye Linux, ambayo naipendekeza kwa laptopu za mtumba zenye nguvu ndogo, wengi hutumia Conky, programu ya wijeti ya huko, na sababu ya nyuma kutokuwa wazi ni nyingine. Mpangilio wa own_window_transparent peke yake hunakili picha iliyo kwenye dirisha la chini kabisa la mfumo. Kama picha ya skrini inachorwa na programu nyingine juu ya dirisha hilo, Conky hukuonyesha weusi au kijivu. Uwazi wa kweli unataka own_window_argb_visual iwe true, own_window_transparent iwe false, na own_window_argb_value ipewe namba kati ya 0 na 255. Hata hivyo, hayo yote hayafanyi kazi mpaka kiwepo kichanganyaji cha madirisha kinachoendeshwa na mfumo, yaani programu inayounganisha madirisha yote kuwa picha moja ya kuonyeshwa. Kwenye XFCE, mojawapo ya sura za eneo-kazi za Linux, kimo ndani ya Window Manager Tweaks, kwenye ukurasa wa Compositor, na mara nyingi nimekikuta kimezimwa na mtu aliyetaka kuipunguzia mashine mzigo.

Kabla ya kumkabidhi mwenyewe kompyuta, weka picha nyeupe tupu kwenye skrini usome wijeti kutoka hatua chache, kisha weka nyeusi tupu usome tena, kwa kuwa kompyuta ya ofisi hubadilishwa picha na kila anayeikalia. Isiposomeka kwenye nyeupe, ongeza ile namba ya nne kumi kumi mpaka isomeke.