Andazi la Getini

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Unauliza, ukianza kuwapa mafundi wako tisa wa cherehani chakula cha mchana, hela hiyo itakurudia kwa njia gani, maana wawili wameshahamia kwa jirani na msimu wa sare za shule za Januari unakaribia. Swali zuri. Lakini mimi nimekwama pale chini, ulipogusia kama mtu anayepita tu kwamba siku hizi unawapekua mikoba jioni kwa sababu ya zipu zinazopotea.

Habari ya andazi unaijua nusu. Mama yako huisimulia kama kichekesho.

Ilikuwa 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, sukari inatafutwa kama dawa. Kiwandani kwetu, kiwanda cha kufuma nguo, tulipewa chai ya saa nne, yenye sukari, na andazi moja. Chai nilikunywa, andazi nilikula nusu, nusu nikamfungia dada yako kwenye kitambaa cha mabaki. Kila siku. Alinisubiri chini ya mwembe, hata shikamoo hana, anatazama mfuko wangu tu. Wewe hujazaliwa.

Siku moja wakati wa kutoka, meneja mwenyewe akasimama getini. Akakikuta kitambaa, akakifungua mbele ya zamu nzima, andazi likaanguka. "Kumbe ndivyo mnavyotumaliza." Hakunifukuza, wala hakunikata mshahara. Afadhali angekata. Wazee wa zamu wakanong'ona kifungu cha 15 cha Mwongozo wa TANU wa 1971, kile kinachomkataza kiongozi majivuno na dharau. Walinong'ona tu.

Kesho yake uzi wa mtande, ule unaokwenda kwa urefu wa nguo, ukakatika kwenye mmoja wa mitambo yangu. Mtambo ukiachwa uendelee hivyo, nguo inatoka na mstari wazi unaokimbia kwa urefu, mita baada ya mita, na jora zima linashushwa daraja. Kazi yangu ilikuwa kusimamisha na kuunga fundo, dakika haiishi. Niliuona. Nikapita.

Nilikuwa nimewahi kazini, nimesaini, nimesimama mahali pangu. Hakuna ambaye angenishika kwa lolote. Ndiyo maana nasema, na umenisikia hadi umechoka: mshahara unanunua mikono, macho mtu hukupa mwenyewe. Fundi wako akiona cherehani imeanza kuruka mishono, atasimama, au atamaliza kwanza kola kumi? Hela yako inarudi hapo, na hutaiona kwenye daftari. Na hao wawili wameondoka na mikono iliyozoea vipimo vya zile shule. Mgeni atakuharibia vitambaa mpaka azoee, na Januari haimsubiri.

Ila tusidanganyane, heshima hailipi ada. Mjomba wako alikuwa na tajiri mpole, anamwita ndugu yangu, msiba ukitokea analeta mchele, na mshahara miezi mitatu hauonekani. Alivumilia, mwisho akaondoka. Kwa hiyo lipa kwanza, tena kwa tarehe. Na yule binti wa vifungo aliyejifungua, siku zake 84 za likizo yenye malipo zimo katika sheria ya ajira ya 2004, kama zilivyo siku 28 za likizo ya mwaka. Usizihesabu kwenye wema wako.

Zipu nazo najua zinapotea kweli. Hata kwetu nguo zilitoka, mtu amejizungushia mita tatu kiunoni chini ya shati, nisikufiche. Labda meneja yule naye alikuwa amebanwa na wakubwa zake. Miaka zaidi ya arobaini namtafutia udhuru, na kila nikikaribia kuupata naliona lile andazi kwenye vumbi.

Basi, chakula sikuambii uwape wala usiwape. Hesabu ni zako, na kodi ya pale naijua. Ila ukipika, pika cha kushibisha, na ukae ule nao... Loh, nimeshaanza. Naacha.

Nitakuja Desemba kabla ya msimu haujapamba moto. Kama bado mnapekua mikoba mlangoni, mwambie anayepekua kwamba mzee atakuwa na karanga za mama yako, nusu kilo, zimefungwa kwenye kitambaa.

Baba yako